Tamaa na Hewa ya Malangali

Mwaka juzi, nilipokwenda Ufipa kumzuru mpwa wangu anayesomesha huko, nilimtupia kijana mmoja methali, naye akanirudishia hesabu. Tangu siku hiyo sijaacha kujiuliza suali ambalo nadhani linatuhusu sote, wa bara na wa visiwani: ni wakati gani kutaka zaidi ni haja, na ni wakati gani ni tamaa? Na ikiwa ni tamaa, je, kila tamaa ni dhambi?

Mahali penyewe ni Malangali. Msomaji asiichanganye na Malangali ya Mufindi yenye skuli mashuhuri. Hii ni kata ya mji wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake ya asubuhi humfanya mtu wa pwani avae kila alichokuja nacho. Jirani wa mpwa wangu ni fundi wa pikipiki, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye hakusomea ufundi popote ila kwa kufungua na kufunga. Mchana hutengeneza za wenziwe. Jioni hupakia abiria kwa pikipiki aliyoichukua kwa mkataba. Kila siku humpelekea mwenyewe fedha walizokubaliana, na muda ukitimia chombo kitakuwa chake.

Siku moja alinionesha daftari. Ndani yake mlikuwa na mpango wa kuikuza injini ya pikipiki hiyo, kutoka sisi 125 hadi sisi 150. Hizo "sisi" ni herufi mbili za kigeni, kifupi cha sentimita za ujazo, ambazo vinywa vya mafundi wetu vimezigeuza zikawa neno letu. Alitaka kuteremka nayo bonde la Rukwa wakati wa kiangazi, ziwa linapojivuta na kuacha tambarare kavu, akaupime mwisho wa mbio zake. Utotoni aliiona katika kibanda cha video ile filamu ya mwaka 2005 iliyomhusu mzee wa New Zealand, Burt Munro, ikifasiriwa kwa sauti na dijei. Mimi niliyeila miaka mingi katika kazi ya tafsiri nilikiri moyoni kwamba dijei yule alikuwa ameufikisha ujumbe.

"Tamaa mbele, mauti nyuma, mwanangu," nikamwambia.

"Mzee wangu," akanijibu kwa adabu, "kwanza tupige hesabu."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Ujazo wa injini ni ile nafasi inayofagiwa na pistoni inapopanda na kushuka ndani ya bloku. Injini kama yake, ambayo asili yake ni Honda CG125 ya mwaka 1976 iliyokuja kuigwa na viwanda vingi vya China, ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni yake hutembea milimita 49.5. Hapo ujazo ni sentimita 124. Ukiiondoa bloku hiyo ukaweka pana zaidi, yenye pistoni ya milimita 62, ujazo unafika 149. Milimita tano na nusu tu, pungufu ya upana wa punje ya hindi, zimeiongeza injini kwa moja ya tano, kwa sababu eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo chake.

Kisha akaniuliza: "Kule kwenu Unguja, injini ya 125 inavuta hewa kiasi gani?"

Sikujua. Akanieleza kwamba injini haili petroli peke yake. Hewa ndiyo wali, petroli ni kitoweo. Kwa kimo cha Sumbawanga hewa ni nyepesi: lita moja ya pale ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko lita ya pwani. Piga hesabu nawe, msomaji. Kwa mizunguko ile ile, injini ya 150 pale Malangali huvuta hewa sawa na ile inayovutwa na injini ya 125 pale Darajani. Kijana niliyemwona ana tamaa alikuwa akitaka kile ambacho mimi, kwa kuzaliwa tu ufukweni, nilipewa bure.

Niliona haya. Nikakumbuka ni mara ngapi nimewasikia wenye nafasi wakiwausia wasio nayo waridhike: mwenye maktaba akimshangaa mwanafunzi anayeomba kitabu cha pili, mwenye kisima uani akimlaumu jirani kwa kupenda ndoo kubwa. "Ridhika" ni neno tamu kinywani mwa aliyeshiba hewa. Kabla ya kumwita mtu mwenye tamaa, yatupasa kwanza tuulize anapumulia wapi.

Lakini hesabu haina upendeleo, na usiku ule, nikiwa chini ya mablanketi matatu, iligeuka. Hewa nyepesi inayoinyima injini nguvu ndiyo hiyo hiyo inayomzuia mpanda pikipiki kifuani. Ikipungua kwa injini, imepungua pia kwa upinzani wake, na kwa kiasi kile kile. Hivyo, kwenye ardhi ya tambarare, mwisho wa mbio za pikipiki ya Malangali haupishani sana na wa pikipiki ya Unguja. Mlima uliochukua kwa mkono mmoja umerudisha kwa mwingine. Usiporudisha ni kwenye mwinuko. Gunia la mahindi halipungui uzito kwa wembamba wa hewa, na anayeupanda Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mkali baina ya uwanda na vijiji vya bondeni, hulipa kamili. Kwa hiyo sentimita zile zile 25 zilikuwa haja katika kupanda, na tamaa katika kukimbia.

Asubuhi nikamweleza. Akafikiri kidogo, akacheka. "Sawa, mzee wangu. Na hiyo tamaa yenyewe ina kosa gani?"

Hapo ndipo lilipo suali lenyewe, na mtunzi wa mashairi ni mtu wa mwisho kulijibu kwa ukali. Nani aliye na haja ya shairi? Nimekesha nikitafuta kina kimoja cha mwisho, na hakuna aliyenituma wala aliyenilipa. Mwenye kuhukumu tamaa ya kasi ahukumu na tamaa ya mizani. Binadamu hutaka kujua mwisho wa kitu chake ulipo, na mengi tunayojivunia yalizaliwa na utashi huo usio na faida.

Munro alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1899, akanunua pikipiki yake aina ya Indian Scout mwaka 1920, ikiwa na sentimita za ujazo 600 na mbio za kama kilomita 89 kwa saa. Mwaka 1967, yeye akiwa na umri wa miaka 68, aliikimbiza pikipiki ile ile juu ya uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, ikiwa imekuzwa hadi 950. Rikodi yake, baada ya kosa la hesabu kusahihishwa mwaka 2014, ni kilomita 296 kwa saa.

Watu husema kwamba aliikuza injini, wakadhani wamemaliza. Tazama tena. Ujazo uliongezeka kwa nusu na ziada kidogo, ilhali kasi ilizidi mara tatu. Na upepo ni mtoza ushuru mkali: nguvu inayotakiwa kuushinda hukua kwa mchemraba wa kasi, hata anayetaka kasi mara mbili hudaiwa nguvu mara nane. Kwa kipimo hicho, ile moja ya tano ya kijana wangu ingemwongezea kama kilomita 6 tu kwa kila 100. Naye Munro, lau umbo la pikipiki yake lingebaki kama lilivyokuwa, angedaiwa nguvu zaidi ya mara 36. Ujazo haukuweza kulipa deni hilo. Lililipwa na gamba lililochongoka kama samaki alilolivisha chombo chake, na pistoni alizozisubu mwenyewe kwa makopo makuukuu, na zaidi ya yote na zile zilizovunjika, ambazo alizipanga rafuni na kuziita sadaka kwa mungu wa kasi. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Wafipa walilijua hilo kabla ya pikipiki kuzaliwa. Walijenga matanuri ya kuyeyushia chuma, malungu, yenye kimo cha kumpita mtu, ambayo hayakuhitaji mivukuto. Urefu wenyewe uliivuta hewa kupitia matundu ya chini. Lakini chuma kilichotoka ndani ya ilungu kilikuwa bado kichafu. Kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akakigusa. Tanuri kubwa lilileta wingi; bila ya lile dogo, jembe halikupatikana. Nami nakiri kwamba niliwahi kuupakia mshororo wa mizani kumi na sita maana iliyostahili ubeti mzima, nikidhani nimeukuza. Mshororo ulinoki, kama wasemavyo mafundi.

Basi tamaa si lazima iwe dhambi, na ukubwa pekee hauitimizi. Lakini kuna jambo la tatu, nalo ndilo lililonirudisha kwenye daftari. Munro alikimbia kwa chombo chake mwenyewe, juu ya chumvi isiyo na kijiji wala njia ya mtu, na kilichovunjika kilikuwa chake. Tambarare ya Rukwa si chumvi ya Bonneville. Wapo wavuvi, wapo wachungaji na ng'ombe zao, wapo watoto waliotumwa maji. Na pikipiki ile Jumatatu humpakia mama mwenye mtoto mgongoni, nayo ilikuwa bado ya mwenye mkataba.

Nikaomba daftari, nikalipekua. Kurasa nne: pistoni, ringi, kabureta, spoketi. Hapakuwa na hata mstari mmoja wa breki. Pistoni ambayo eneo lake limezidi kwa moja ya tano huisukuma konrodi kwa nguvu iliyozidi vivyo hivyo. Konrodi haikuulizwa kama italiweza zigo hilo, klachi haikuulizwa, wala aliyekaa kitini hakuulizwa. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Hakisimami pia ila kwa nyenzo.

Nikairudia methali yangu, safari hii kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza nikaisikia. Tamaa mbele, mauti nyuma. Haikusema mauti ya nani. Juu ya pikipiki, nyuma ndipo anapokaa abiria.

Huo ndio mpaka niliouona, na sijapata mwengine ulio bora. Atakaye zaidi ya alichonacho hana kosa, hata akiwa hana haja nacho. Kosa ni kuiandika tamaa katika daftari lako na gharama yake katika daftari la mwenzio. Kipimo hiki hakimhusu kijana wa Malangali peke yake. Kinamhusu mfanyabiashara anayeikuza biashara kwa mshahara wa vibarua, na mtawala anayejenga jina kwa kodi ya maskini, na mtunzi anayewanyima wanawe saa zao ili apate kitabu. Hilo la mwisho naliandika huku nikijitazama.

Mwaka huu kijana alinipigia simu. Mkataba umekwisha, pikipiki ni yake, na bloku ya 62 imeingia, lakini baada ya breki mpya za mbele na nyuma. Anaupanda Lyamba lya Mfipa na mzigo bila ya kumwambia abiria ateremke atembee. Daftari, akasema, sasa lina ukurasa wa tano.

Nikamuuliza juu ya zile mbio za bondeni.

"Bado nazitaka, mzee wangu," akasema.

Sikumtupia methali.