Salamu kwa Wafu na Tiketi ya Langoni



Mwaka juzi nilifuatana na shangazi yangu kwenda harusi ya jamaa katika mwambao wa Tanzania. Shangazi alizaliwa Buyenzi na sasa tunaishi naye hapa Kibenga, lakini babu yake alitoka huko pwani. Tangu utotoni alisikia habari za makaburi ya kale ambako wazee wa ukoo wamelala. Tulipofika tulikuta uzio, lango na mlinzi, naye akatuambia kwa upole kwamba kuna kiingilio. Pesa zenyewe shangazi alikuwa nazo. Aliuliza tu: "Mwanangu, nikitaka kuwatolea salamu wazee wangu, nalipia?" Mlinzi akainamisha kichwa, akasema ndio utaratibu. Shangazi akasimama nje ya uzio, akainua mikono, akaomba dua, tukarudi mjini.

Njiani nilimlaumu sana yule mlinzi. Leo naona nilikosea, na nataka kueleza nilikosea wapi.

Uzio una sababu yake. Kunduchi, jijini Dar es Salaam, kuna makaburi ya kale yenye nguzo zilizopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Watu wamezibandua nyingine na kuacha mashimo matupu katika mawe. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na kwamba ni afadhali mtu akalie kaa la moto likaunguza nguo zake hadi ngozini kuliko kukalia kaburi. Basi anayewazuia wezi na wanaopanda juu ya makaburi kupiga picha anatimiza wajibu ambao sisi sote tungebeba dhambi kama hakuna aliyeutimiza. Mlinzi huyo anahitaji mshahara, na chokaa ya kuziba nyufa hainunuliwi kwa dua.

Rafiki yangu wa darasani alinijibu kwa kisima cha Ruma. Madina, watu walikuwa wakinunua maji ya kisima hicho, mpaka Sayyidna Uthman (r.a.) akakinunua na kukiacha bure kwa Waislamu. Ardhi ya kuzikia nayo ni waqfu, alisema, na waqfu hauuzwi mlangoni. Hoja hii ina nguvu, ila haitoshi. Mwenye kisima alichukua faida mfukoni mwake, ilhali kiingilio kikitumika ipasavyo hurudi katika kulitunza lile lile kaburi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama pesa inatozwa. Inabidi tuulize haki ya nani inalindwa.

Kwa kawaida tunabishana kama haki ni ya ukoo, ya serikali au ya mgeni. Mimi naona mwenye haki wa kwanza ni yule aliyelala pale. Ana haki mbili: asikanyagwe, na asisahauliwe. Uzio unalinda ya kwanza. Kiingilio kinapomrudisha anayekuja kutoa salamu, kinagusa ya pili.

Mtu atasema: dua ya shangazi ilifika hata kutoka nje ya uzio, basi marehemu amepoteza nini? Ni kweli, dua haihitaji lango. Lakini tukumbuke yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alipofariki, maswahaba walimzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Angeweza kumwombea akiwa pale pale msikitini. Badala yake alitaka aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamswalia. Kufika kuna maana yake. Ndiyo heshima ya kumwambia mtu kwamba hukuwa mdogo.

Najua wapo watakaosema shangazi ni mwanamke, na wanazuoni wamekhitalifiana juu ya wanawake kuzuru makaburi. Wanaoruhusu hutaja yule mwanamke aliyekuwa akilia kaburini. Mtume alimwusia subira, wala hakumfukuza.

Je, haki hizo mbili zinaweza kukaa pamoja? Takwa, katika kisiwa cha Manda huko Lamu, pana kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, karibu 1683. Mahali hapo pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na watalii hulipa kuingia. Lakini watu wa Shela, ambao wazee wao walihama kutoka Takwa, wameendelea kwenda pale kuomba dua ya mvua. Al-Baqi', Madina, nako pana lango na walinzi. Kwa kawaida wanaume hufunguliwa baada ya swala ya Alfajiri na ya Alasiri, wala hawadaiwi tiketi.

Mlinzi hawezi kusoma nia ya mtu, kwa hiyo tusimtwike kazi hiyo. Zipangwe saa chache, hata asubuhi ya Ijumaa na siku za Idi, ambapo lango liko wazi kwa kila anayeingia kwa adabu. Saa nyingine mtalii alipe, na akaribishwe vizuri, Mwislamu au asiye Mwislamu. Mtume wetu alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, kwa kuwa nayo ilikuwa nafsi. Wapo watakaojifanya wamekuja kuzuru ili wakwepe kiingilio. Naona ni heri kudanganywa na kumi kuliko kumrudisha mmoja aliyetoka Bujumbura kwa basi.

Nilipomsomea shangazi makala haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilizuru lini makaburi tunayozika hapa hapa Bujumbura. Nikanyamaza. Mwanafunzi mwenzetu tuliyemzika mwaka jana yuko huko, hakuna tiketi, na tangu tulipopukuta udongo mikononi sijarudi. Ijumaa hii nitakwenda. Atakayependa kufuatana nami anikute nje ya msikiti baada ya swala.