Dhamana ya Mwenye Kusifu

Katika pwani yetu hii ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, ipo methali isiyokosekana katika ubishi wa sokoni: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatuna nia ya kuivunjia heshima methali hiyo. Kwa samaki ni kweli tupu, maana changu aliyevuliwa alfajiri hahitaji msemaji. Jicho lake na matamvua yake humsemea. Lakini hadithi si samaki. Uzuri wake haujulikani mpaka mtu ameingia ndani yake, na akiisha kuingia, muda alioutumia haurudi tena mkononi mwake. Kwa sababu hiyo kila hadithi, iwe njema au mbovu, hutembezwa, na watembezaji wake ni wale walioipenda. Basi twauliza: mtu anayemwambia mwenzake "isome hii" au "itazame ile", anadaiwa nini na mwenzake huyo?

Swali hili hatukuliokota katika vitabu vya wanafalsafa. Tulilikuta Ziwani, mbele ya kibanda kimoja cha kuchajia simu, penye benchi la mbao chini ya mwembe. Jioni hukusanyika hapo vijana, baadhi yao wanafunzi wa sekondari na baadhi waliokwisha kuiaga shule, na mazungumzo yao makubwa ni juu ya hadithi za michoro kutoka Japani. Wajapani huziita manga zikiwa kitabuni, na anime zikiwa zimetiwa uhai wa filamu. Vijana wetu huziita katuni zote, na mtu mzima akisema katuni ni za watoto hutazamwa kwa huruma. Mwenye kibanda huwajazia filamu hizo katika flashi au katika kadi ya simu. Kadi ni ndogo na fedha ni chache, kwa hiyo hapana budi waulizane: ipi inafaa kujazwa, ipi huanza kwa uvivu kisha ikakolea, ipi huanza kwa kishindo ikaishia topeni.

Hapa inatupasa tukiri kosa letu, maana bila ya kosa hilo tusingeandika makala haya. Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya wilaya yetu tulisimama, tukakohoa kama wakohoavyo wazee wanaojiona wana neno, tukailaani hadithi moja iitwayo Naruto. Tulisema kwamba ndani yake mna jini la mbweha mwenye mikia tisa, mna vidole vinavyofumbwa na kufumbuliwa kwa uganga, na kwamba inawatia vijana wetu katika uchawi. Tulipigiwa makofi. Kisha mvulana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuja kuwawakilisha wenzake, akanyosha mkono. Akasema: "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, mzee wetu ameitazama akafika wapi?"

Hatukuwa tumefika popote. Habari ya mbweha tulipewa na jirani, naye jirani alipewa na shemeji yake. Tulijibu kwa maneno mengi yasiyokuwa jibu, na mwenyekiti akatuokoa kwa kuingiza ajenda ya uji wa wanafunzi.

Juma lililofuata tulikwenda Ziwani, tukaketi benchini, tukaomba tuonyeshwe. Hadithi hiyo ni kazi ya mchoraji Masashi Kishimoto, na ilichapishwa kuanzia mwaka 1999 hadi mwaka 2014. Yahusu mtoto yatima anayekwepwa na kijiji kizima. Siku aliyozaliwa, mbweha yule alikishambulia kijiji na kuua watu wengi, na kiongozi wa kijiji akamfungia mnyama huyo ndani ya mwili wa kitoto kichanga. Mtoto hakuchagua jambo hilo, wala hakuambiwa. Akawa anakua akionyeshwa visogo tu, asijue sababu. Yupo mwalimu wake, jina lake Iruka, ambaye wazazi wake waliuawa na mbweha huyo huyo. Mwalimu huyu alikuwa na haki kuliko wote, kama chuki yaweza kuitwa haki, ya kumchukia mwanafunzi wake. Anachokifanya katika kipindi cha kwanza hatutakisema hapa. Twasema tu kwamba sisi, tuliowahi kushika chaki kabla ya kuhamishiwa ofisini, tulikitazama kipindi hicho mara mbili, na mara ya pili tulijifanya tumeingiwa na vumbi machoni.

Hatusemi haya ili kuipamba Japani. Twayasema kwa kuwa tuligundua kwamba laana yetu na sifa za mpiga debe zina ila moja. Mahakamani shahidi huulizwa: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Akijibu kwamba aliambiwa, ushahidi wake hupungua uzito au hukataliwa kabisa. Lakini katika mambo ya hadithi, nyimbo na vitabu, tumejiruhusu kutoa hukumu kwa ushahidi wa shemeji wa jirani. Anayesifu asichokiona na anayelaani asichokiona wote wawili wametoa ushahidi wa uongo, hata kama baadaye jambo lenyewe litatokea kuwa kama walivyosema.

Mtu aweza kusema kwamba huku ni kulikuza jambo dogo, kwani hadithi ni mchezo. Na tufanye hesabu. Filamu ya Naruto ilionyeshwa katika televisheni ya Japani kwa sehemu mbili, ya kwanza yenye vipindi 220 na ya pili yenye vipindi 500. Kila kipindi ni kama dakika 23. Jumla yake ni saa 276, yaani siku kumi na moja na nusu za kutazama pasipo kulala wala kula. Kijana anayemwambia mwenziwe "itazame yote" anamwomba sehemu ya uhai wake. Angekuwa anamwomba shilingi elfu kumi angejieleza, angeapa, angetaja siku ya kurudisha. Uhai anauomba kwa neno moja, huku akitafuna embe.

Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa tunamjua mdhamini. Mkopaji akikimbia, mdhamini hulipa. Sisi twaona kwamba mwenye kusifu ni mdhamini wa hadithi. Hawezi kulipa saa zilizopotea, maana hana hazina ya saa. Analipa kwa neno lake. Jambo hili vijana wa benchini wanalijua bila ya kufundishwa. Yupo mmoja ambaye kila hadithi kwake ni bora kuliko zote, na wenzake hupokea sifa zake kwa nusu, kama wapokeavyo bei ya kwanza ya mchuuzi. Yupo mwingine, mtulivu, mtoto wa mvuvi, ambaye katika miezi miwili tuliyokuwa tukipita hapo tulimsikia akisifu hadithi mbili tu. Siku aliposifu ya pili, watu watatu walifuta walichokuwa nacho katika kadi zao ili waipatie nafasi.

Tena huyu mtulivu ana desturi iliyotupendeza. Kabla ya kusifu humkumbusha anayemwambia tofauti yao: "Wewe unapenda vichekesho, mimi napenda vita; hii ina vita, lakini nadhani utaivumilia kwa ajili ya yule mzee." Aweza pia kusema kwamba karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ya Naruto vipo vipindi vingi ambavyo havimo kitabuni, vilivyotungwa na watengeneza filamu ili kumsubiri mchoraji asonge mbele, na kwamba mwenye haraka aweza kuviruka. Huo ni ushahidi wenye mipaka. "Nimeipenda" na "ni nzuri" ni kauli mbili, na kati yake lipo pengo ambalo wengi wetu hulivuka pasipo kuangalia chini. Mwalimu anayesahihisha insha kila siku hulivuka, na sisi washairi ndio hatuna hata aibu.

Ushairi umetukumbusha jambo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, uliwaka moto mkubwa wa ubishi, kwa sababu mashairi mengi ya kitabu hicho hayakufuata vina na mizani. Sisi tuliingia sekondari miaka mingi baadaye, moto ukiwa bado unafuka, na tulifundishwa kukidharau kitabu hicho kabla ya kukiona. Tulikidharau kwa bidii na kwa vina vilivyotimia. Tulikuja kukisoma tukiwa na miaka thelathini na ushei, katika kituo cha mabasi, tukakuta mashairi ambayo mpaka leo hatukubaliani na umbo lake lakini hatuwezi kuyasahau. Miaka yote ile tulikuwa tumemdhulumu mtu mmoja, naye si Kezilahabi. Tulijidhulumu wenyewe, pamoja na wale wadogo zetu waliotuamini.

Wako wasomaji watakaouliza kwa nini mkusanyiko huu wa utamaduni wa taifa upewe habari za Japani. Mwalimu Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mnamo Desemba 1962, alieleza haja ya kurudisha fahari ya utamaduni wetu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba hakumaanisha kukataa kujifunza kutoka kwa wengine. Nasi twaongeza kwamba hadithi ni ya Kijapani, bali benchi ni la Ziwani. Kubishana juu ya kazi ya sanaa, kumjibu mwenzako hoja kwa hoja na kulinda heshima ya neno lako mbele ya wasikilizaji, ni malumbano yale yale ambayo washairi wa Kiswahili wameyafanya magazetini kwa miongo mingi. Tofauti ni kwamba wale walilipa stempu.

Lakini upo mdai wa tatu katika shauri hili, naye husahauliwa: mtunzi. Huko Japani lipo gazeti la kila juma liitwalo Shōnen Jump, lililoanza mwaka 1968, ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilifikia kuchapisha zaidi ya nakala milioni sita kwa toleo moja. Ndani yake huwekwa kadi ya posta, na msomaji huombwa ataje hadithi tatu zilizompendeza. Hadithi inayokosa kura kwa majuma mengi hukatishwa, hata kama mchoraji alikuwa na mengi ya kusema. Maoni ya kijana wa kule, kwa hiyo, huweza kumwachisha mtu kazi. Maoni ya kijana wa Ziwani hayafiki Tokyo, na shilingi anayomlipa mwenye kibanda haifiki pia. Anaipenda kazi, anaisifu kwa haki, anaieneza kwa wenzake kumi, na mchoraji hapati hata senti. Tulipomweleza hivyo mtoto wa mvuvi alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa mzee, mimi ningeinunua wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Wala hatukuwa na uso wa kumkemea, kwa sababu katika miaka ya 1980, wakati Tanzania Bara haijapata televisheni, nakala moja tu ya gazeti la picha la Sani ilipita katika mikono ya darasa letu zima mpaka karatasi yake ikawa laini kama kitambaa. Wasomaji arobaini tulilipa bei ya nakala moja. Vivyo hivyo tulimjua Chakubanga wa Christian Gregory kutoka gazeti la Uhuru lililofungia sukari, na baadaye Kingo wa James Gayo kwa kuazima. Wachoraji hao walikuwa karibu nasi, fedha zetu zingeweza kuwafikia, na sifa tulizowapa zilikuwa nyingi sana.

Limebaki jambo la kuficha. Wamakonde wanapocheza ngoma ya vinyago, mchezaji hufunikwa mwili mzima, na ilikuwa mwiko kwa aliyepita jandoni kulitaja jina lake mbele ya wasiopita. Mtu angeweza kumtambua binamu yake kwa unyayo, akanyamaza. Kunyamaza huko hakukuwa uongo. Kulikuwa kumwachia mwingine zamu yake ya kustaajabu. Anayesifu hadithi naye ana mambo mawili ya kubeba kwa pamoja: aseme ya kutosha ili mwenzake avutwe, na azuie ya kutosha ili akifika akute kitu. Ndiyo maana hapo juu tulimwacha mwalimu Iruka amesimama mbele ya mwanafunzi wake.

Mwezi uliopita tulipita tena Ziwani, tukakuta benchi limejaa na ubishi umepamba moto juu ya kifo cha mtu fulani katika hadithi. Yule wa kidato cha tatu, ambaye sasa yuko cha nne, alitupisha nafasi, akatuamkia, akauliza tumefika kipindi cha ngapi. Tukasema cha sitini na saba. Akawatazama wenzake. Wote wakanyamaza kwa ghafla, na mtoto wa mvuvi akaanza kutuuliza kuhusu bei ya korosho.