Peleka Daftari Mashineni

Nenda asubuhi kwenye mashine yoyote ya kusaga pale Handeni, mkoani Tanga, usimame pembeni injini ya dizeli inapowashwa. Mwanzo inakohoa pole pole. Kasi ikipanda kidogo, ghafla sakafu inatetemeka, madebe yanagongana, vumbi la unga linadondoka kutoka kwenye kenchi. Fundi anaongeza mafuta, mtikisiko unatulia, mahindi yanasagwa. Wateja wamezoea. Wewe uliye kidato cha tano, wewe uliye chuo cha ufundi, nakuomba usizoee! Hapo mbele yako ipo hesabu iliyowakesha wanahisabati wakubwa, na unaweza kuigusa kwa kiganja.

Mtikisiko ule unakuja pale msukumo wa injini unapolingana na mtetemo wa asili wa fremu na sakafu. Kitabu kinasema springi ukiivuta mara mbili, nayo itakuvuta mara mbili. Ni kweli, ukivuta kidogo. Lakini beringi iliyolika ina nafasi ndani: shafti inacheza humo bila kizuizi, kisha inagonga chuma ghafla. Boliti iliyolegea ni vivyo hivyo. Ngoma ya korona, mashine ya mkonge, kwenye mashamba ya Ngombezi au Magunga kule Korogwe, inayopiga majani ya mkonge mpaka zibaki singa, mzigo wake unabadilika kadiri majani yanavyoingia. Grafu ya nguvu iliyokuwa imenyooka inapinda, na kanuni uliyoikariri haikufikishi.

Wengi wakifika hapa hufunga kitabu. Usifunge. Anza na mfano mwepesi: chukua uzi wa mita moja, funga nati nzito, ining'inize. Iachie kwa pembe ndogo, uhesabu muda ikienda na kurudi mara kumi: sekunde 20 hivi. Sasa ivute hadi nyuzi 60, uhesabu tena. Zitapita 21. Ulifundishwa kwamba muda haubadiliki, na umeubadilisha mwenyewe.

Kinachoirudisha nati ni saini (sine) ya pembe, wala si pembe yenyewe. Kwa hiyo kwenye pembe toa sehemu ndogo: pembe kwa kipeo cha tatu, gawa kwa sita. Hapo kuna mtego. Ukiongeza masahihisho ovyo, jibu linakua bila kikomo kadiri muda unavyokwenda, kana kwamba nati itapanda hadi darini yenyewe. Lindstedt na Poincaré, mwishoni mwa karne ya 19, waliutegua kwa wazo moja zuri mno: kasi ya mtetemo nayo isahihishwe. Matokeo yanaenea mstari mmoja. Pembe iweke katika radiani, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 16. Hilo ndilo ongezeko la muda. Kwa nyuzi 60 utapata asilimia 6.9. Thamani kamili ni 7.3. Umeikaribia hivyo kwa penseli tu!

Na ukiongeza msukumo wa injini, unaufikia mlinganyo wenye jina la Georg Duffing, mhandisi wa Kijerumani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1918. Unaeleza jinsi mtikisiko unavyoweza kukua kasi inapopanda, kisha ukaporomoka mara moja. Na kasi inaposhuka, ukaruka kurudi juu katika kasi nyingine kabisa. Jibu lake halipatikani kwa kanuni moja fupi, ila kompyuta ndogo ya shule inalichora hatua kwa hatua kwa njia ya Runge na Kutta.

Usiniambie haya ni ya watu wa mbali. Mkoa huu huu wa Tanga, Sekondari ya Magamba kule Lushoto, mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa darasani. Akaendelea kuuliza, hadi mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam. Wanasayansi wanalibishania swali lake mpaka leo.

Basi Jumamosi hii muombe fundi ruhusa. Weka simu sakafuni, mbali na mkanda, yenye programu ya bure ya kupima mtikisiko. Andika ni kwa kasi gani sakafu inatikisika injini inapopanda, na ni kwa kasi gani inapozimwa. Je, zinalingana? Rudia beringi ikishabadilishwa. Kisha mpelekee mwalimu wako wa hesabu daftari hilo, na akikosa jibu, litafuteni wote wawili.