Yule wa Zamani Akitokea Tena



Siku chache zilizopita familia sita za kikundi cha wanandoa zilinialika nyumbani kwa mmoja wao kutazama sinema. Mkutano wao wa kila mwezi huwa ni wa Neno la Mungu na chai, lakini safari hii walitaka jambo jepesi. Wakachagua sinema ya Kimarekani ya mwaka 2023 iitwayo What Happens Later. Ni ya mapenzi, tena ya kuchekesha. Aliyeiongoza ni Meg Ryan, na ndiye pia anayeigiza ndani yake pamoja na David Duchovny. Wasomaji wa rika langu watamkumbuka mama huyo kwa Sleepless in Seattle ya mwaka 1993, alipokuwa bado msichana wa sinema. Sasa yeye na mwenzake wamepita miaka 60 na hawafichi makunyanzi yao, jambo ambalo mimi nililipenda.

Kisa chenyewe ni hiki. Willa na Bill walipendana ujanani, wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Miaka mingi baadaye, usiku wa tarehe 29 Februari, wanakutana ghafla katika uwanja mdogo wa ndege ambako kila mmoja alikuwa akibadilisha ndege tu. Theluji imezidi, hakuna ndege inayoruka. Karibu sinema nzima ni hao wawili peke yao, pamoja na sauti ya kipaza sauti cha uwanja ambayo mara kwa mara huwajibu kana kwamba inawasikia. Willa ni mtu wa kuamini ishara. Bill huona balaa kila pembe. Wanataniana, wanafokeana, na hatimaye wanaulizana swali lililowakaa rohoni miaka yote: kwa nini tuliachana? Kumbe kila mmoja alikuwa akitembea na hadithi yake, na hadithi hizo mbili hazilingani. Mwisho siusemi, maana wengine hamjaitazama.

Tulicheka sana. Lakini ilipokwisha pakawa kimya, akina baba wakitazama vikombe vyao. Ndipo mama mmoja akasema, "Padre, na mke wa huyo bwana yuko wapi?"

Ni kweli. Bill ana mke na binti, ingawa mambo ya nyumbani kwake si shwari. Tunasikia habari zao, lakini sura zao hatuzioni. Sisemi kwamba mtunzi amekosea. Asili ya sinema hii ni mchezo wa jukwaani wa Steven Dietz uitwao Shooting Star, na mchezo wa watu wawili lazima ubaki na watu wawili. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza swali la mama yule. Watu wawili waliopendana zamani wakikutana, mara nyingi mambo huwa hivyo hivyo hata pasipo kamera: yule aliyebaki nyumbani hutoweka machoni. Uwanja wa ndege hauna sufuria za kuosha. Hauna karo ya muhula wa pili, wala mama mkwe mgonjwa, wala paa linalovuja. Mtu yeyote hupendeza mahali pa namna hiyo.

Sisi hatuna theluji, lakini viwanja vya ndege vya aina hiyo tunavyo tele. Kuna mazishi ya mwalimu wa zamani, kuna harambee kijijini, kuna harusi ya mtoto wa rafiki. Siku hizi kuna kikundi cha WhatsApp cha waliosoma pamoja, ambamo mtu aliyepotea miaka 25 huibuka Jumatatu asubuhi akiwa na picha yake mpya. Na kila anayepika kwa jiko anajua kwamba makaa mapya hukaidi, unapepea mpaka mkono unachoka, lakini kaa lililobaki jana hushika kwa cheche moja.

Niwasimulie ya bwana mmoja. Si habari ya kitubio. Alinieleza sebuleni kwangu, na yeye na mkewe wameniruhusu niiandike bila majina. Ana miaka 51. Kwenye mazishi fulani alikutana na mama waliyependana walipokuwa vijana wa chuo. Walisalimiana mbele ya watu, wakapeana namba za simu, wakapeana pole. Wiki ya kwanza ujumbe ulikuwa ni wa pole. Wiki ya pili ukawa wa "unakumbuka?" Mwezi ulipokwisha, kila usiku saa nne alikuwa akitoka nje kuangalia kama mbwa amefungwa, na mbwa wao, aliniambia akicheka kwa aibu, hajawahi kufungwa tangu azaliwe.

"Lakini Padre," akasema, "hatujafanya lolote. Hata chai hatujanywa pamoja."

Nikamwuliza kama ujumbe huo bado ulikuwa kwenye simu. Akasema hapana, huufuta kila usiku kabla ya kuingia ndani. Nikamwambia basi hana haja ya kuniuliza mimi kama ni dhambi, kwa sababu kidole chake kimekuwa kikimjibu kila usiku. Bwana wetu, katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, hakuanza kuhesabu uzinzi kutoka mlango wa gesti. Aliuhesabu kutoka moyoni, na alijua alichokuwa akisema.

Hapo nilitaka kumsomea maneno makali, na nakiri kwamba nilikuwa nimeyaandaa. Lakini nilikumbuka sura ya kumi na moja ya Kitabu cha Hesabu, na nikaona afadhali tuisome pamoja. Waisraeli wako jangwani, mana inaanguka kila siku, nao wameichoka. Wanaanza kulia wakikumbuka Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu, vitunguu saumu. Kinachonigusa ni kwamba wanasema samaki wale waliwala bure. Bure! Watu waliofyatua matofali kwa viboko, watu ambao watoto wao wa kiume walitupwa mtoni, wanakumbuka kwamba Misri walikula bure. Tumbo lina kumbukumbu nzuri ya vitunguu na kumbukumbu mbaya sana ya matofali.

Moyo wa mtu wa miaka 50 nao hukumbuka hivyo hivyo. Unamkumbuka yule msichana akicheka kituo cha basi, na humkumbuki alivyokunyamazia majuma matatu. Unakumbuka barua za yule kijana, umesahau kwamba alikopa pesa zako za nauli na hakurudisha. Mliachana kwa sababu. Labda sababu ilikuwa ya kipuuzi, labda ilikuwa ya wazazi, lakini ilikuwepo. Halafu ukimtazama mkeo aliyeketi mezani akikata sukuma wiki, unaona mana, ile ile ya jana.

Nadhani kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa upole kwa sababu nimeliona kwa watu wema. Mara nyingi hatumtamani yule wa zamani. Tunajitamani sisi wenyewe tulivyokuwa. Umri wa katikati ni mgumu kuliko tunavyokiri mimbarini. Watoto wameanza kuondoka, wazazi wanazikwa, goti linauma, kazini wanapandishwa cheo vijana uliowafundisha wewe. Mtu anaanza kujiuliza kama haya ndiyo maisha yake yote. Kisha anatokea mtu mmoja duniani ambaye machoni pake bado una miaka 22 na nywele zote kichwani. Nani asiyetaka kutazamwa hivyo? Mke wako hawezi kukutazama hivyo. Amekuona ukitapika, amekuona ukiogopa, alikuona siku ile ulipofutwa kazi. Anakujua wewe uliyepo.

Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliliona jambo hili. Katika Wosia wake wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 163, anafundisha kwamba hatuwezi kuahidiana kuwa na hisia zile zile maisha yote. Tunachoweza ni kuwa na mpango mmoja wa kudumu, kuahidi kupendana na kuishi kama kitu kimoja mpaka kifo. Wengine watashangaa kusikia Papa akikubali kwamba hisia hubadilika. Mimi hunipa faraja. Maana yake ni kwamba siku unapomtazama mwenzako na moyo usiruke, Sakramenti yako haijafa.

Sasa, je, mpenzi wa zamani asisalimiwe kabisa? Hapana, jamani. Tusiwe watu wa kukimbia kivuli. Msalimie, muulize habari za watoto, mtambulishe kwa mwenzako hapo hapo. Ukifika nyumbani sema, "Leo nimemwona fulani." Neno hilo moja linalosemwa mapema hufunga milango mingi. Na kama kati yenu kuna mtoto, hapo kuzungumza ni wajibu, kwa ajili ya karo na malezi, lakini mwenzako ajue mnazungumza lini na juu ya nini.

Husemwa kwamba yaliyopita si ndwele. Kuna yaliyopita ambayo bado ni ndwele, tena inauma. Pengine ulimwacha mtu vibaya, au uliachwa bila neno. Katika sinema ile, sehemu niliyoiona kuwa ya kweli kabisa ni pale wawili wale wanapogundua kwamba miaka yote hiyo kila mmoja alimhukumu mwenzake kwa kesi ambayo hakuisikiliza upande wa pili. Kuomba msamaha kwa jambo la zamani ni jambo jema. Lakini msamaha huombwa mara moja, mchana, kwa maneno machache. Ukiona unahitaji usiku kumi na tano kuukamilisha, hapo unafanya shughuli nyingine.

Niseme pia neno kwa wale walio kama Bill, ambao nyumbani kumeharibika na labda wanaishi mbali na wenzao. Kanisa linajua kwamba wakati mwingine mtu hulazimika kutengana na mwenzake kwa usalama wake au wa watoto. Sheria yetu inaruhusu hilo. Lakini kutengana hakuvunji kifungo. Kanuni ya 1141 inasema wazi kwamba ndoa iliyofungwa kihalali kati ya wabatizwa na kukamilishwa haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, ila kifo tu. Kama una shaka ndoa yako ilikuwa halali tangu mwanzo, nenda kwa paroko wako, akuelekeze kwenye baraza la ndoa la jimbo. Usiitafute hukumu hiyo kwa mtu uliyekutana naye matangani.

Nirudi kwa yule bwana. Nilimshauri amwambie mkewe. Aliogopa sana, na sikumlaumu. Alikaa nalo juma zima. Siku aliyomweleza, mkewe alilia, kisha akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu, wakichambua maharagwe, akamwuliza swali ambalo mimi na masomo yangu yote sikuwa nimelifikiria. Hakuuliza kama anampenda yule mama. Aliuliza, "Ulikuwa unamweleza nini ambacho mimi huwezi kunieleza?"

Ndipo ikatoka. Miezi mitano kabla ya mazishi yale, daktari alikuwa amemwambia ana kisukari. Nyumbani hakusema. Aliogopa kuonekana mgonjwa mbele ya watoto, aliogopa mkewe angeanza kumhesabia vijiko vya sukari. Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa ni yule mama wa zamani, kwa ujumbe, saa nne usiku, karibu na mbwa asiyefungwa. Mkewe aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mwanamke mwingine alijua habari za damu ya mumewe kabla yake. "Nimemfulia shati miaka 24, Padre," akasema, "na sikujua anaumwa."

Namba ya yule mama ilifutwa, baada ya ujumbe mmoja wa mwisho ambao mume na mke waliusoma pamoja kabla ya kuutuma. Ulikuwa wa heshima. Yule mama hakukosea peke yake, na hakuna aliyemtukana. Bwana yule alikwenda kitubio, si kwangu, alichagua parokia jirani, na alifanya vyema.

Siku ya kliniki sasa wanakwenda wawili. Mkewe anahesabu vijiko vya sukari, kama alivyoogopa, na wanagombana juu ya hilo karibu kila asubuhi. Saa nne usiku bwana bado hutoka nje, kwa sababu amezoea kupunga hewa. Tofauti ni kwamba mama hutoka naye akiwa na leso mabegani, na kuna usiku, wameniambia, ambapo hurudi ndani saa sita.