Kutazama Vitu vya Wazee: Je, Ni Haki?



Mjini kwetu Bukavu kuna nyumba ya makumbusho iliyoanzishwa na Wamisionari Waksaveri. Wamekusanya humo vitu vingi vya makabila ya Kivu, hasa vya Walega. Miaka michache iliyopita, kabla vita havijaingia mjini Februari 2025, tulikwenda kuitazama pamoja na vijana wa shirika letu. Katika safari ile alikuwamo mzee mmoja wa Mwenga, ambaye fujo za huko kwao zilimleta mjini akiwa amekwisha kuzeeka.

Vijana walitangulia wakisukumana na kucheka, kama ilivyo desturi yao. Mzee alivua kofia mlangoni. Alipofika mbele ya kabati la kioo lenye sanamu ndogo za pembe ya tembo na vinyago vya uso vya mbao, alisimama kidogo, kisha akageuka akatazama ukuta. Tukamwuliza, "Baba, umechoka?" Akajibu, "Hapana, mwalimu. Baba yangu aliingizwa katika mambo haya. Mimi sikuingizwa. Nani ameniruhusu kutazama?"

Vijana wakanyamaza, nasi tukakosa jibu. Tuliondoka pale na swali, na hata leo twalichukua moyoni. Basi twaomba kulifikiri pamoja nanyi: kitu kilichotengenezwa ili kionwe na wachache tu, waliokwisha kufundishwa, je, ni haki watu wote wakitazame?

Kwanza yafaa kujua vitu hivyo ni nini. Kati ya Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi kulikuwa na chama kiitwacho Bwami. Mtu alipanda ndani yake daraja kwa daraja, na daraja ya juu kuliko zote iliitwa kindi. Hakupanda kwa nguvu za mkono wala kwa kuzaliwa katika ukoo wa wakubwa tu. Alihitaji msaada wa jamaa zake, mali ya kugawia wengine, na hasa tabia njema iliyoshuhudiwa na watu. Tena mwanamume hakufika juu peke yake: mke wake alikuwa na daraja yake karibu naye, na pasipo mke yeye hakuweza kufika. Wanaodhani kwamba wazee wetu hawakujua heshima ya ndoa, na wafikiri jambo hilo.

Sanamu na vinyago vilikuwa vitabu vya shule hiyo. Mwalimu alitoa kitu katika kikapu, akacheza nacho, akaimba mithali yake, na mwanafunzi akapata fundisho. Iko sanamu yenye nyuso nyingi iitwayo Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa-Vingi. Yafundisha kwamba mwenye hekima huona pande zote kabla ya kuamua. Kinyago kidogo cha mbao kiitwacho lukwakongo, chenye ndevu za nyuzi na uso uliopakwa udongo mweupe, hakikuvaliwa usoni sikuzote. Mara kilishikwa mkononi, mara kiliwekwa chini, mara kilitundikwa uani, mara kilikokotwa kwa ndevu zake, na kila tendo lilikuwa na neno lake. Ukiondoa tendo na neno, kinabaki kipande cha mti. Tena Walega wana neno moja, busoga, linalotaja uzuri na wema pamoja. Hata sisi katika Kiswahili twasema "mtu mzuri" tukitaja sura yake au moyo wake. Kwao sanamu haikuwa nzuri kwa sababu ya mkono wa fundi tu, bali kwa sababu ilimfanya mtu kuwa mwema.

Mwaka 1948 serikali ya ukoloni ilipiga Bwami marufuku. Vitu vingi vilifichwa, vingi viliuzwa kwa wageni, vingine viliharibiwa. Miaka michache baadaye mtaalamu Mbelgiji, Daniel Biebuyck, aliishi kati ya Walega, akasikiliza walimu wao, na mwaka 1973 akatoa kitabu kikubwa juu ya mafundisho hayo. Hivyo chama kilichokatazwa kama hatari kwa watu kilijulikana mbali kuwa shule ya maadili.

Hapa yatupasa kusema neno linalotuuma. Babu yetu alikuwa katekista. Baba alitusimulia mara nyingi, tena kwa majivuno, jinsi babu alivyopita vijijini akikusanya vikapu vya wazee, akavichoma mbele ya kanisa la majani huku watu wakiimba. Tulipokuwa watoto tulipiga makofi tukisikia hadithi hiyo. Siku ile mbele ya kioo, mzee akitazama ukuta, tuliikumbuka, wala hatukuweza kupiga makofi.

Sasa turudi kwenye swali. Tumesikia majibu matatu, na kila moja lina sehemu yake ya kweli.

Wa kwanza husema: vitu hivyo ni vya ushenzi, afadhali vife. Huyo twamwuliza: umewahi kusikia fundisho lake? Kama sanamu yafundisha kutokuhukumu kwa haraka, wewe unayeihukumu kabla ya kuisikiliza ndiwe unayeihitaji. Hatusemi kwamba kila jambo la Bwami lilikuwa safi. Katika vyama vya wanadamu kuna kiburi na gharama za kujionyesha. Lakini mwenye kusafisha nyumba hateketezi nyumba.

Wa pili husema: uzuri ni mali ya watu wote, haufai kufichwa, fungueni milango yote. Neno hilo latupendeza, kwani hata maskini ana haki ya kuona kitu kizuri. Lakini si kila kilichofunikwa kimefunikwa kwa uchoyo. Sisi wenyewe, katika majuma ya mwisho ya Kwaresima, twaweza kufunika misalaba na sanamu kwa kitambaa cha zambarau, na hakuna anayesema kwamba Eklezya inawanyima Wakristu. Macho yanafunga ili yajue kuona tena. Huko Japani, katika hekalu la Zenkoji mjini Nagano, iko sanamu kuu ambayo haionyeshwi hata kwa makuhani wenyewe. Mahujaji huonyeshwa mfano wake tu, tena mara moja katika muda wa miaka sita hivi. Katika hekalu lingine, Horyuji, ilikuwako sanamu iliyofungwa kwa vitambaa kwa muda wa karne nyingi. Mwaka 1884 Mmarekani Ernest Fenollosa, akiwa na ruhusa ya serikali, alitaka ifunguliwe. Watawa waliogopa sana, lakini ikafunguliwa. Leo inaonyeshwa kwa majuma machache katika majira mawili ya mwaka, kisha milango yafungwa tena. Wajapani wana makumbusho makubwa na mazuri katika miji yao, lakini hawakuona kwamba ni lazima kila kitu kitazamwe kila siku. Basi kuficha na kuonyesha vyaweza kukaa pamoja, ikiwa mwenye kitu ndiye anayepanga siku.

Hapo ndipo tofauti yetu. Mwaka uleule wa 1884, mwezi wa Desemba, watu wa Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyekaa Mpala kando ya ziwa Tanganyika, walimwua mtemi Lusinga wa Watabwa. Sanamu ya ukoo wake ilichukuliwa, nayo ikafika Tervuren karibu na Bruxelles. Kichwa chake pia kilipelekwa Ubelgiji. Hakuna mwenye kitu aliyeulizwa siku gani ionyeshwe. Tena huko Tervuren, mwaka 1897, Wakongo 267 waliletwa ili watazamwe na watu kama vitu. Saba wakafa. Nyumba kubwa ya makumbusho iliyofunguliwa hapo mwaka 1910 ilitokana na maonyesho hayo. Ndugu, tazameni jinsi jicho lisilo na adabu linavyoendelea: huanza kwa kutazama sanamu bila kuuliza, na mwisho humtazama mtu bila kumwona.

Wa tatu husema: basi, vyote virudishwe, na makumbusho yafungwe. Jibu hili lina nguvu kuliko yale mawili, maana lagusa amri ya saba. Tuliosoma katekisimu twajua kwamba mwizi hatimizi toba kwa kusema "nimekosa" huku ng'ombe wa jirani yumo zizini mwake. Hana budi kumrudisha, au kulipa thamani yake, kadiri awezavyo. Sheria hiyo haibadiliki kwa sababu mwizi ni serikali, wala kwa sababu ng'ombe amekaa miaka mia. Baadhi ya mambo yamefanyika. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ulirudisha Kinshasa vitu 114. Mwaka 2022 mfalme Philippe alileta kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu, lakini kwa jina la azima isiyo na mwisho. Mwaka huohuo bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kufungua njia ya kurudisha. Twashukuru, lakini mtoto mdogo pia ataona kwamba si kawaida mtu kumwazima mwenzake mali ya mwenzake.

Hata hivyo kurudisha hakumalizi yote. Sisi nasi tuna deni. Katika machafuko ya miaka ya 1990 hifadhi ya Kinshasa iliibiwa vitu, na wezi hawakuwa wakoloni. Tena kitu kikirudi, kirudi kwa nani, kama hakuna anayejua mithali yake? Na vile vilivyochomwa, nani atavirudisha? Majivu hayana njia ya kurudi.

Tulipokuwa tukifikiri hayo tulikumbuka amri ya nane. Walimu wetu wa seminari walitufundisha kwamba kuna namna mbili za kurudisha. Aliyeiba mali hurudisha mali. Aliyechafua jina la mtu hurudisha jina: aende kwa wale aliowaambia uwongo, akaseme kweli. Babu yetu alichoma vikapu, na vikapu havipo tena. Lakini pia aliwaambia watu kwamba mlikuwa na shetani ndani yake. Hilo neno bado lipo. Linakaa katika vichwa vya wajukuu, wanaocheka mbele ya kioo. Neno hilo laweza kurudishwa, na wa kulirudisha ni sisi. Hatumlaani babu, alifundishwa hivyo, na alifanya kwa moyo mnyofu. Lakini mrithi wa shamba hurithi pia deni la shamba.

Basi twajibu hivi. Kutazama vitu vya wazee ni haki, lakini ni haki ya mwenye kudaiwa. Anayetazama anadaiwa mambo matatu. La kwanza, kuuliza: kitu hiki kilitoka kwa nani, na kilitokaje kwake? Kama jibu ni la aibu, lisemwe palepale karibu na kitu, pasipo kufunikwa. La pili, kusikiliza: asitosheke na macho, atafute mithali na mtu aliye nayo, kabla mtu huyo hajakufa. La tatu, kukubali mpaka: mwenye kitu akisema, "Hili si la macho yako," tugeuze uso kama mzee wa Mwenga. Makumbusho yanayotimiza mambo hayo matatu ni shule. Yasiyotimiza ni ghala, hata kama taa zake ni nzuri.

Tena twasema hivi kwa ajili ya nyumba ile ya Bukavu: ya kwamba wamisionari wametunza vitu ambavyo zamani katekista alivichoma, hilo lenyewe ni mwanzo wa kurudisha jina. Ni mwanzo tu, lakini si kitu kidogo.

Baada ya majuma mawili tulikwenda kwa mzee yule. Tulimweleza habari za babu, vikapu na moto, wala hatukuficha neno. Hatukujua kama kikapu cha baba yake kilikuwa kati ya vile, naye hakutuambia. Alikaa kimya muda mrefu, mkewe akatuletea maji ya kunywa. Kisha akauliza, "Wale vijana waliocheka, wapo?" Tukasema wapo. Akasema, "Walete Dominika jioni. Yale ambayo kila mtoto wa Mlega huweza kusikia, nitawaambia. Mengine, hapana."

Tuliwapeleka. Walikuwa kumi na mmoja. Aliwafundisha habari za Bwana Vichwa-Vingi bila sanamu, kwa maneno na mikono tu, na hakuna aliyecheka. Wasomaji, katika kila parokia yuko mzee wa namna hiyo. Msingoje awe ndani ya kioo ndipo mwende kumtazama.