Bei ya chupa na macho ya muuzaji

Tangu Mei 1, 2018, hakuna duka wala baa Scotland inayoruhusiwa kuuza pombe chini ya bei iliyowekwa kisheria. Bunge lilipitisha sheria hiyo mwaka 2012, wazalishaji wa wiski wakaipeleka mahakamani, na Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kuwa ni halali. Kiwango kilianza peni 50 kwa kila mililita 10 za kilevi halisi. Sasa ni peni 65.

Wapo wanaohofia kwamba sheria za namna hii zitaua baa. Tupige hesabu. Kwa kiwango cha sasa, painti ya bia ya asilimia 4 haiwezi kuuzwa chini ya pauni moja na peni 48 hivi, na baa zilikuwa zikitoza zaidi ya hapo hata kabla ya sheria. Iliyoguswa hasa ni pombe kali ya tufaha ya dukani, ile ya chupa ya plastiki ya lita tatu. Ilikuwa ikiuzwa pauni nne hivi. Sheria ilipoanza, ikapanda kupita pauni 11. Si ajabu chama cha wenye baa cha Scotland kiliiunga mkono.

Mimi pia naiunga mkono, kwa sababu najua tofauti ya kunywa mbele za watu na kunywa mlango ukiwa umefungwa. Mtaani kwetu, mama muuza pombe alikuwa akifunika kopo na kusema, "Baba Juma, za leo zimetosha. Nenda ukale na watoto." Mzee alinung'unika, lakini aliondoka. Chupa iliyoko chini ya kitanda haimwambii mtu aache.

Mwaka 2023, taasisi ya afya ya umma ya Scotland ilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4, ukilinganisha na ambavyo vingekuwa bila sheria. Hao ni watu wenye ndugu na majina. Mtu anayesema maisha yao hayastahili nyongeza ya bei, namwomba afikiri tena.

Hata hivyo, tathmini hiyo ina ukweli mchungu: baadhi ya waliokwisha kutawaliwa na pombe walipunguza fedha za chakula ili waendelee kunywa. Tena, nyongeza hii si kodi. Inabaki mikononi mwa wafanyabiashara. Hapo ndipo haki inapopinda. Kumpandishia bei mgonjwa bila kumfungulia mlango wa tiba ni kumwadhibu kwa ugonjwa wake. Faida hiyo itozwe, ijenge vituo vya tiba na kulipa wahudumu. Sheria iliyoanza kwa kuokoa maisha imalize kazi yake.