Kristo Anatawala Leo, au Atatawala Kesho?

Mwezi uliopita tulikwenda makaburini kumzika mtoto wa jirani yetu. Baada ya sala, watu walipokuwa wakinawa mikono, mzee mmoja wa kanisa alituita kando akasema, "Mwalimu, siku zote mwatufundisha ya kuwa Kristo ni Mfalme. Nami nataka kujua, anatawala leo, au atatawala kesho? Kama ni leo, mbona tumemfukia mtoto huyu? Na kama ni kesho, kwa nini mwatuambia tumtii leo?" Tukamjibu, "Mzee wetu, neno hili ni kubwa, tupe siku." Siku zimepita, na jawabu lake twaliandika hapa, kwani twajua ya kuwa si yeye peke yake aulizaye.

Kwanza tutazame Maandiko yasemavyo. Mathayo aandika ya kuwa Bwana, alipokwisha kufufuka, aliwaambia wanafunzi wake kwamba amepewa mamlaka yote, mbinguni na duniani. Hakusema atapewa. Luka naye asimulia jinsi Mafarisayo walivyouliza ufalme utakuja lini, wakajibiwa ya kuwa umo kati yao. Lakini Bwana yule yule alitufundisha kuomba ufalme uje, wala hakuna mtu aombaye kije kitu kilichokwisha kufika chote. Na waraka kwa Waebrania wakiri wazi ya kuwa vitu vyote vimewekwa chini yake, ila sisi hatujaviona bado kuwa hivyo. Basi maneno haya hayapingani, bali yataka kushikwa pamoja, kama mtu ashikavyo mpini wa jembe kwa mikono miwili. Ashikaye kwa mkono mmoja halimi.

Wako wanaosema ya kuwa Kristo atatawala kesho tu. Watu hawa huimba vizuri siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu hupima mahindi kwa pishi isiyojaa. Ukiwauliza, husema, "Haya ni mambo ya dunia, na dunia ina wenyewe." Mtu hulitwaa shamba la watoto wa marehemu ndugu yake, na huku angojea mbingu kwa furaha. Mfalme akiwa mbali sana, ni rahisi kwa kila mtu kujifanya mfalme mdogo.

Wako na wengine wasemao ya kuwa ufalme umekwisha kutimia wote, na hatari yao si ndogo. Mwaka 1534, katika mji wa Münster, nchi ya Ujerumani, kundi la Wakristo liliushika mji likatangaza ya kuwa ule ndio Yerusalemu mpya. Jan van Leiden, aliyekuwa mshona nguo, akatawazwa kuwa mfalme. Waliompinga waliuawa, mji ukazingirwa, watu wakafa kwa njaa, hata mwezi wa Juni mwaka 1535 mji ukaanguka. Sisi hatutashika upanga kama wao, lakini twaweza kukosa kwa njia iliyo ya upole zaidi, yaani kumwambia mama aliyefiwa asilie, eti machozi ni upungufu wa imani. Neno hilo nalo hujeruhi.

Basi tutasema nini? Tutoe mfano katika habari walizozipata babu zetu. Tarehe 11 Novemba mwaka 1918, saa tano ya asubuhi huko Ufaransa, vita vikuu vya Ulaya vilikoma. Lakini jeshi la Wajerumani la Afrika ya Mashariki, lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, lilikuwa limeingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, wala halikuwa na habari. Habari ililifikia siku chache baadaye, karibu na mto Chambeshi. Tarehe 25 mwezi ule ule liliweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao leo waitwa Mbala.

Sasa mfikirini mpagazi aliyekuwa katika msafara ule tarehe 12 Novemba. Mzigo u kichwani, miguu imevimba, na nyuma yake adui yu njiani akiwafuata. Je, mtu huyu yu katika vita, au yu katika amani? Amani ilikuwapo kweli. Neno lilikuwa limekwisha kukatwa mahali pengine, wala hapakuwa na risasi ya siku ile iliyoweza kuligeuza. Lakini mzigo nao ulikuwa mzito kweli. Mtu ambaye angemwambia, "Wewe huna mzigo," angesema uongo. Na ambaye angemwambia, "Vita hivi havina mwisho," naye angesema uongo.

Hivyo ndivyo tulivyo sisi. Msalabani na kaburini neno limekwisha kukatwa, na shetani hawezi kuligeuza. Hata hivyo mizigo haijatuliwa yote. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alisema ya kuwa Kristo hana budi kutawala mpaka adui zake wote wawekwe chini ya miguu yake, na adui wa mwisho ni mauti. Angalieni mpango wa maneno yake: Mfalme anatawala, na adui mmoja angali amebaki. Basi kaburi la mtoto yule si ushuhuda ya kuwa kiti cha enzi ni kitupu. Ni ushuhuda ya kuwa kazi ya Mfalme haijaisha. Wala tusione haya kulia, kwani Bwana mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, naye alijua atakalolitenda punde.

Lakini mfano wetu wapungukiwa na jambo moja. Yule mpagazi hakuwa na habari, sisi tunayo. Askari aliyepiga bunduki tarehe 12 alikuwa vitani kwa kutojua. Je, aliyekwisha kusikia habari, kisha akaendelea kuua, tungemwita nani? Tusingemwita askari tena, bali muuaji. Nasi tuliokwisha kusikia ya kuwa Kristo ni Mfalme, tukipunja pishi na kula mali ya yatima, hatuwezi kujitetea ya kuwa ufalme wake haujafika. Kwetu umekwisha kufika, kwa sababu habari zake zimefika.

Basi, mzee wetu, jawabu letu ni hili. Anatawala leo, na kwa hiyo twamtii leo. Kesho utawala wake utaonekana kwa macho ya wote, na kwa hiyo twamzika mtoto kwa machozi lakini si kwa kukata tamaa. Na ninyi wasomaji, kila mmoja ajiulize nyumbani mwake ni neno gani ambalo angali akilipigania baada ya habari kumfikia. Mwenye pishi pungufu na aijaze. Na mwenye shamba lisilo lake na alirudishe kabla ya mvua za masika, ili wenyewe wapate kupanda.